Mgawo wa Vyumba

Kila mwaka shule zikifungwa, Dada alikodi nyumba ile ile ya ufukweni, na kila mwaka alisimama mlangoni na funguo mkononi akigawa vyumba utadhani ndiye aliyeijenga. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu. Watu wa namna hiyo huacha kazi, lakini kazi haiwaachi. Desturi yake ilikuwa moja: wakubwa vyumba vya juu, watoto wote chumba kimoja kikubwa cha chini, magodoro sakafuni, na hakuna aliyelala mpaka atishiwe mara tatu.

Safari hii mgawo ulibadilika. Mwokaji, mdogo wa mwisho wa Dada na Kaka, alikuwa bado anashusha mabegi garini aliposikia kwamba binti yake atalala chumbani kwa shangazi yake, na mwanawe wa kiume atalala chini na watoto wa Kaka. Yeye mwenyewe alipewa chumba cha peke yake, chenye dirisha la kutazama bahari.

"Wewe upumzike, mdogo wangu," Dada alimwambia. "Mwaka umekuwa mrefu kwako."

Ulikuwa mrefu kweli. Mkewe alifariki mwanzoni mwa mwaka, akamwachia watoto wawili. Wa kwanza alikuwa Bosi, msichana wa miaka kumi aliyepewa jina hilo kwa kuamrisha hata paka wa jirani. Wa pili alikuwa Maswali, wa miaka mitano, na jina lake linajieleza lenyewe. Mwokaji akasema asante, Dada akasema karibu, na mambo yakaishia hapo.

Ndugu hawa watatu walishukuriana kupita kiasi. Walipigiana hodi vyumbani, na mtu akitaka chumvi mezani aliomba radhi kwanza. Wazazi wao walikufa wao wakiwa wadogo, ukoo ukakaa kikao, kila mtoto akapelekwa mahali pake: Dada kwa bibi, Kaka kwa mjomba, Mwokaji kwa mama mdogo aliyeishi mbali. Walipokuja kukutana tena, kila mmoja alikuwa na nyumba yake na watoto wake. Ndipo Dada akaanzisha likizo hii. Kila mtu alijua kwa nini aliianzisha, ila hakuna aliyelitamka.

Kesho yake asubuhi Mwokaji alikuwa ufukweni na wanawe, Maswali amejifukia miguu kwenye mchanga.

"Baba, kwa Baba Mkubwa nitalala kitanda cha juu siku zote, au likizo tu?"

"Likizo tunalala hapa, baba."

"Si hapa. Kule kwake. Nikishahamia."

Mwokaji akamtazama Bosi. Bosi alikuwa anajenga ukuta wa mchanga, na hakuinua uso.

"Shangazi amenipima kiuno na mabega," alisema. "Kwa ajili ya sare. Kuna shule karibu na kwake. Amesema nisikwambie mpaka wakubwa mkae."

"Na wewe ulimwambiaje?"

"Nilimwambia Maswali hajui kufunga kamba za viatu, namfungaga mimi. Akasema atajifunza." Akaupiga ukuta wake kofi, ukabomoka. "Mimi sitaki ajifunze."

Watu walimjua Mwokaji kuwa mpole, na mpole huonewa na kila mtu mpaka siku moja. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Alikasirika mpaka masikio yakavuma, akawashika wanawe mikono, akarudi nao ndani bila hata kukung'uta mchanga.

Chakula cha mchana kilikuwa tayari barazani. Watoto wa Kaka walikuwa wanakula jikoni, kwa hiyo Bosi na Maswali wakaelekezwa huko, na mezani wakabaki Dada, Kaka na mke wa Kaka. Mwokaji aliwekewa samaki mkubwa kuliko wote. Hakukaa.

"Sare ya Bosi umeshaipeleka kwa fundi, Dada, au bado ni vipimo tu?"

Kaka alimtazama mkewe. Mkewe akamtazama samaki.

"Tulitaka tukwambie tukishakula," Dada alisema. "Kaa kwanza."

"Nasikia vizuri nikiwa nimesimama."

Dada hakuwa mtu wa kuzungukazunguka. "Haya. Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Wewe unatoka nyumbani saa tisa za usiku kwenda kwenye tanuri. Watoto unawaacha na nani? Na kufuli. Siku nyumba ikiungua tutasema hatukujua?"

Hoja ilikuwa na uzito wake. Dada yeyote mwenye moyo angekosa usingizi kwa ajili ya kufuli lile, na Mwokaji mwenyewe aliukosa miezi mingi.

"Tanuri nimeliacha," alisema. "Tangu mwezi uliopita niko dirishani, nauza. Naingia watoto wakishaingia darasani."

Kaka akaweka kijiko chini. "Wewe? Unauza mkate aliouoka mtu mwingine?"

"Na ni mbaya. Umeungua chini, katikati mbichi. Naufunga kwenye karatasi, nawapa wateja, natabasamu."

Ilikuwa ya kuchekesha, lakini hakuna aliyecheka. Tanuri lile lilikuwa fahari yake tangu ujana. Ndugu zake walilijua hilo, kwani ndilo karibu jambo pekee walilolijua juu yake.

"Mbona hukutuambia?" Dada aliuliza.

"Hamkuniuliza. Mlikuwa mnapima viuno."

Dada akavuta pumzi. "Hatuwatupi, mdogo wangu. Ni damu yetu. Sisi wenyewe tuligawanywa, na leo tupo hapa. Hatukufa."

"Hatukufa," Mwokaji alikubali. Akasukuma sahani yake mpaka mbele ya Dada. "Huyu samaki. Kila mwaka unanichagulia mkubwa kuliko wote. Mimi samaki simpendi, Dada. Namla kwa adabu, halafu naenda kusukutua."

"Tangu lini?"

"Tangu nizaliwe. Nenda jikoni kamuulize Bosi mdogo wake hali nini, anaogopa nini, akilia usiku anabembelezwaje. Atakutajia bila kufikiri. Mimi na wewe tumeota mvi, na hujui hata ninachokula. Sikulaumu. Hukuwepo, ulikuwa kwa bibi. Ndiyo maana kila mwaka tunakodi nyumba ya watu, tuje tufundishane undugu ukubwani. Wanangu mimi hawatakuja kukodi nyumba ili wajuane."

Kaka aliinamisha kichwa. Mkewe akaanza kukusanya sahani ambazo watu hawakuwa wamemaliza. Macho ya Dada yalikuwa mekundu, na kwa kuwa hakuzoea kulia mbele za watu, uchungu ukageuka hasira.

"Sawa," alisema. "Wewe ndiye mzazi. Lakini siku ukishindwa, usije kunililia."

"Nikishindwa nitakulilia," Mwokaji alijibu. "Kwani wewe si dada yangu? Nitakuja mlangoni kwako nilie mpaka majirani watoke nje. Ila nitakuja na wote wawili, mmoja mkono huu, mwingine mkono huu, na utatufungulia watatu. Ukimtaka mmoja, usifungue."

Akaingia chumba cha chini. Alitoa godoro la Maswali kati ya magodoro ya watoto wa Kaka, akalipandisha juu kwenye chumba chake chenye dirisha la bahari. Kisha akaenda kuchukua la Bosi. Alipotoka nalo chumbani kwa Dada amejitwika kichwani, Dada alikuwa amepanda kumfuata, amesimama katikati ya korido na mikono kiunoni, vile alivyozoea kuwangojea wachelewaji getini.

"Tulia, tuongee," alisema.

"Tumeshaongea. Nipishe."

Korido ilikuwa nyembamba na godoro lilikuwa pana, ilibidi mmoja arudi nyuma. Walitazamana. Kutoka chini Bosi alisikika akimwamrisha mdogo wake achukue mto wake na asiuburuze. Dada akarudi nyuma.