Fagio la Kwenda Mlima Mweusi

Mimi nauza safari, na kwa kuwa nauza safari Kariakoo, kila siku kuna mtu ananitazama kama tapeli. Sishangai. Mtaa wa Sikukuu umeona mengi, na wapo waliouziwa tiketi za ndege ambayo haikuwepo. Lakini nasema mapema: mimi Shukuru sijamla mtu hata nauli ya kwenda Kibaha, na neno tapeli likitajwa mbele yangu damu inapanda. Mtalikuta tena huko mbele, ndiyo maana nalitaja.

Wateja wangu wengi ni wa kwenda Guangzhou, China, kununua mali. Wanataka viza, tiketi na hoteli iliyo karibu na masoko, basi. Mtu wa Guangzhou ukimweleza habari za milima, atakuuliza kama huko milimani wanauza viatu vya jumla. Kwa hiyo siku Mama Kishor alipopanda ngazi zangu akihema, akakaa, akasema anataka kwenda kuona jangwa na mlima, niliweka kalamu chini.

Jina lake Bhagwati, lakini wanaomwita hivyo ni watu wa hekaluni tu. Mwanawe Kishor anauza spea za malori Gerezani, na sisi mama wa mtu tunamwita kwa jina la mwanawe. Alizaliwa hapahapa, Mtaa wa Narung'ombe, nyuma ya duka la baba yake. Kiswahili chake ni cha Narung'ombe kitupu. Ukimsikia yuko nyuma yako, kabla hujageuka, utadhani ni shangazi yako.

"Nataka kwenda Kachi," alisema. "Ni kwa ajili ya mama yangu."

Kachi iko India, upande wa Gujarat, na mimi nilikuwa siijui. Nikaisoma, maana siuzi nisichokijua. Kuna jangwa la chumvi, jeupe mpaka macho yanachoka, na mwezi ukiwa mpevu watu hutoka kwenda kutembea juu yake. Kuna vijiji vya nyumba za msonge, kuta zake za udongo zimepachikwa vioo vidogo vidogo, na wanawake wanatarizi nguo kwa vioo hivyohivyo. Kuna mafundi wanaogonga kengele za shaba za kuwafunga ngamia shingoni. Na pembeni ya jangwa kuna Kalo Dungar, yaani Mlima Mweusi. Nilivyokuwa naieleza Kachi ungesema nimezaliwa huko, wakati kwetu ni Newala. Kitu kimoja tu nilikinyamazia: huo mlima ukiuweka jirani na Uluguru utaonekana kichuguu.

Ngamia na kengele Mama Kishor hakuvitaka. Alichotaka ni mlima. Huko juu kuna hekalu, na jioni kuhani huweka wali nje, mbweha wa jangwani wakaja kula. Mama yake aliletwa Dar kutoka huko kwa meli, bi harusi, binti mdogo asiyejua mtu, na hakurudi tena. Kila alipoosha mchele aliwataja wale mbweha, akisema siku moja atakwenda kuwapikia. Alikufa hajaenda. Mama Kishor alitaka kuupika wali huo kwa mikono yake mwenyewe na kuupeleka mlimani.

Daktari wa moyo alikuwa amemwambia kama ni kusafiri, asafiri msimu huu, baadaye hawezi kumruhusu. Na jangwa lenyewe mvua zikinyesha linageuka maji. Ilikuwa sasa au basi.

Kishor akapata familia moja kijijini, chini ya mlima, inayopokea wageni katika misonge yake. Mwenye nyumba ni mama mmoja anaitwa Hansa. Tukapanga siku ya kuongea naye kwa simu ya video, na ofisi yangu ndiyo yenye mtandao wa maana. Mama Kishor alikuja na sari mpya, utadhani anakwenda kuposwa. Tukaiegemeza simu kwenye mashine ya kuchapia, tukajipanga mbele yake.

Hansa alipotokea kwenye kioo, Mama Kishor akaanza kusema Kikachi. Mimi Kikachi sikijui, lakini katikati yake nikawa nasikia maneno ninayoyajua: sufuria, bakuli, fagio. Nikasema moyoni, kumbe lugha hizi zimekaa ndugu. Alikuwa anaeleza kwamba atapika mwenyewe, apewe sufuria safi na bakuli, na fagio la kufagilia mahali pake kabla ya kuomba.

Hansa alisogeza sikio karibu na simu. Kisha akasema, "Fagio?" Akageuka, akalirudia neno kwa watu waliokuwa nyuma yake, na ua mzima wa wanawake ukaangua kicheko. Mama Kishor akajaribu kwa mikono. Akafagia hewani. Akachora duara, akakoroga. Hansa akaelewa, uso ukamchanua, akatukazia macho, mimi nikiwa katikati kabisa ya kioo, akasema, "Tapeli. Tapeli."

Nikasimama. "Kishor, mwambie huyo mama ashike adabu zake. Mimi nina leseni, iko ukutani, aitazame."

Kishor alikuwa amelala juu ya meza yangu kwa kucheka. "Dada Shukuru, tulia basi. Kwao huko tapeli ni sufuria."

Ikabidi na mimi nicheke, nifanyeje. Hansa naye akacheka bila kujua tunachekea nini, tukaagana vizuri. Ni Mama Kishor peke yake ambaye hakucheka.

"Kwani sufuria si Kikachi?" alimuuliza mwanawe.

"Kikachi cha hapa kwetu, mama. Kule hawaijui."

"Na fagio?"

"Kiswahili."

"Bakuli?"

"Kiswahili, mama."

"Kisu?"

Kishor alijiinua kutoka mezani. Alikuwa ameanza kuiona sura ya mama yake, na kicheko kikamwisha.

"Mimi nilijua ni maneno ya pande zote mbili," alisema Mama Kishor, "kama chai, kama gari. Mama yangu Kiswahili kilimshinda, hata nyanya alikuwa anaagiza mtu. Lakini kila asubuhi alikuwa ananiambia nilete fagio. Nikajua hiyo ndiyo lugha ya mlimani kwake." Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya sari. "Hapa nikipita Msimbazi watu bado wananiuliza kwetu wapi. Nawaonyesha kule. Na kule nako wamenicheka kabla sijafika. Futa safari, Shukuru."

Niliumia, na sikuumia kwa sababu ya biashara. Mimi nimezaliwa Ilala. Mwaka tulipokwenda Newala kumzika bibi, niliwasalimia watu kwa Kimakonde changu nilichokichanga kwa mama, na binamu zangu wakawa wanakiigiza tangu makaburini mpaka kwenye sahani za ubwabwa. Hawakuwa na ubaya. Lakini tangu siku hiyo nikifika Newala nasema Kiswahili, hata pale ninapolijua neno la kwetu. Kwa hiyo Mama Kishor aliposhuka zile ngazi ameshika ukuta, nilijua kabisa amebeba nini. Na safari sikuifuta.

Hansa alijua amekosea. Akamtumia Kishor ujumbe wa kuomba radhi, akaulizia mama anapenda mboga gani, na chini yake akaweka video ya burudani wanayoonyeshwa wageni jioni. Kishor akanirushia na mimi. Nilikuwa na mteja wa Guangzhou mbele yangu, nikaifungua huku namsikiliza kwa sikio moja.

Nikaona wanaume weusi tii kama mimi, vichwani wamevaa manyoya ya tausi, ngoma wamezitundika shingoni, wanacheza mavumbi yanatimka. Nikadhani Kishor amekosea, ametuma video ya Mtwara. Kumbe, Hansa alivyomweleza Kishor, ni watu wa hukohuko. Wanaitwa Masidi, na wengi wao ni wajukuu wa watu waliochukuliwa utumwani kutoka pwani hizi zetu, zamani ambazo hakuna anayezikumbuka. Mwishoni mzee mmoja anaipiga ngoma yake kofi, anatazama kamera, anasema neno moja: "Goma."

Nikairudia. Mteja alikuwa bado anauliza nauli. Nilimwomba arudi baada ya adhuhuri, nikafunga ofisi, nikaenda Kisutu kwa mguu.

Nilimkuta Mama Kishor barazani kwake, anafagia kwa fagio la chelewa.

"Shikamoo, Mama Kishor."

"Marahaba. Kama umekuja kunibembeleza, kunywa chai uende zako."

Nikampa simu. Alitazama ameinamisha kichwa, fagio bado liko mkononi.

"Hawa wa Lindi?"

"Wa Kachi. Wanatoka jirani na kwa Hansa."

"Acha utani, mwanangu."

"Msikilize huyo mzee."

Akaiweka simu sikioni, akasikiliza, akaniomba nimrudishie. "Anasema ngoma," alisema. "Imekatika kidogo mbele, lakini ni ngoma. Wanajua Kiswahili hawa?"

"Hansa kasema hawajui. Wanasema lugha ya huko kama majirani zao. Hilo neno wamelikuta kwa babu zao, wanajua ni lao."

"Na hakuna anayewacheka?"

"Watu wanatoka mbali kwenda kuwaona."

Alirudi kufagia mahali palepale alipokwisha kufagia. Nikavisogeza viatu vyangu, apite.

"Mama amefika hapa mtoto," alisema baadaye. "Ameshushwa melini, ameingizwa jikoni kwa watu. Huenda fagio ndicho kitu cha kwanza alichopewa mkononi. Mtu akampa na jina lake, akalishika." Akalitazama lile fagio. "Basi lilikuwa lake. Hakunidanganya." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Kisha akauliza, "Safari umeshaifuta?"

"Kompyuta ilikuwa mbovu," nikasema.

"Tapeli wewe," akaniambia.

Na kwa mara ya kwanza tangu nifungue ofisi, neno lile halikunipandisha damu.

Alikwenda kabla chumvi haijalowa. Kishor aliniambia kwamba uwanja wa ndege karibu wagombane, maana mama yake alikataa kuondoka bila fagio la chelewa, jipya, kalifunga ndani ya khanga. Msichana wa mizigo aliuliza ni kitu gani, akajibiwa ni fagio, huko anakokwenda hawana. Likapita.

Aliporudi alipanda ngazi zangu polepole zaidi kuliko mwanzo, lakini alikuwa amepata rangi usoni. Alinieleza yote kwa mpangilio anaoutaka yeye. Jangwa lilikuwa zuri ila linaumiza macho. Kengele kaninunulia moja, niifunge mlangoni nisishtukizwe na wateja. Masidi walikuja kupiga, akamwambia yule mzee wa ngoma, kupitia kwa Hansa, kwamba neno lake huku bado tunalitumia kila siku. Mzee alimshika mikono, akakaa naye muda mrefu.

"Na mlimani?"

"Nimepika kwenye tapeli la Hansa. Kishor kanishika mkono mpaka juu. Mbweha wamekuja wawili, mmoja anachechemea. Wamekula wote, hawakuacha hata punje. Nilitaka niwaambie neno kwa Kikachi. Nimejiandaa tangu Dar. Ulipofika wakati kikanitoka Kiswahili. Nikawaambia, kuleni, hiki cha mama."

Kelele za mtaa zilikuwa zinapanda kutoka chini. Mimi nilikuwa nalia, na siwezi kusingizia vumbi.

"Fagio je, umelirudisha?" nilimuuliza, nipate la kusema.

"Nimewaachia." Akatoa simu yake kwenye mkoba. "Hansa huwa ananitumia sauti yake. Hii kaituma leo asubuhi. Sikiliza."

Alikuwa Hansa, anasema haraka haraka, mambo yake ya nyumbani. Nyuma yake kuna jogoo na mtoto. Mimi sikuwa naelewa chochote. Mara akasita, akamgeukia mtu mwingine ndani ya nyumba, sauti ikapanda kama ya mama yeyote mwenye ua mchafu asubuhi, na katikati ya maneno yale nikalisikia, limenyooka, bila kicheko: fagio.

"Alikuwa anaongea na mimi, akakumbuka kumtuma mkwewe," alisema Mama Kishor. "Hakukumbuka kama nitasikia."

Akairudisha nyuma, tukasikiliza tena.