Ukuta Mweupe Kwenye Kona ya Mto

Kabla hakujakucha, vikombe vilianza kugongana kabatini, taratibu, kama meno ya mtu mwenye homa. Bibi akaweka kiganja sakafuni. Nyumba ilikuwa ikitetemeka.

"Mwanangu, amka," alimwita mkwewe, mke wa mwanawe, aliyelala chumba cha pili. "Mto unakula ukingo."

Mto ule hutoka kwenye maziwa ya milimani, huporomoka kwenye miamba, kisha hutulia na kuwa mpana, na kutoka hapo hadi baharini meli hupita mwaka mzima. Pabaya ni mahali pamoja tu: kona iliyo mbele ya nyumba ya Bibi, ambako mchanga hujificha chini ya maji. Manahodha wakitoka nyuma ya kisiwa kilicho kabla ya kona hiyo huelekeza meli kwenye ukuta wake mweupe, wakiukaribia ndipo hukata kona. Kila kiangazi Bibi huupaka chokaa, na mabaharia humletea chokaa hiyo bila kuombwa.

Mkwe alitoka na shuka, akamfunika Bibi kwanza. Wakaenda ukingoni. Upande wa juu, kipande kizima cha ardhi kilikuwa kimemegeka na kwenda na maji, miti na yote. Na katikati ya mto, pale pale meli zinapopita, korongo walikuwa wamesimama. Maji hayakuwafika magotini.

"Hawa nao wameota miguu mirefu lini?" mkwe alitania.

"Miguu ni ile ile. Mchanga ndio umehamia hapo. Na mumeo anashuka asubuhi hii na meli ya abiria."

Kabla hajamaliza, honi ililia mbali, nyuma ya kisiwa. Ndivyo mwanawe alivyomsalimu kila safari.

"Ataufuata ukuta," Bibi alisema. "Kwa nini asiufuate? Lete matope tuufiche!"

"Mama, juzi tu tumeupaka chokaa! Watu watasema uzee umekupanda kichwani."

"Waache waseme. Wewe mrefu, paka juu."

Wakapaka kwa mikono, kwa ndoo, kwa kanga. Meli ikatokeza, kubwa, nyeusi, ikiwaelekea wao. Juu ya dirisha palibaki peupe. Mkwe akapanda kigoda, akapapaka matope kwa kiganja.

Injini ikanyamaza. Mnyororo wa nanga ukanguruma. Meli ikavutwa, ikayumba, ikasimama, korongo wakaruka.

Nahodha alikuja kwa mtumbwi. Aliitazama mikono ya mama yake, akainama akaiosha mwenyewe mtoni.

"Sikuuona ukuta, Mama. Nikajua ama umekufa, ama umeona jambo."

"Kufa bado. Nina kazi."

"Tutarudi juu, tupite upande wa pili wa kisiwa. Pandeni wote wawili. Ukingo huu hauna siku nyingi."

"Kuna meli nyingine huko juu, hazina habari. Mvua ikiosha matope, nani atayapaka tena?"

"Basi nikishusha abiria narudi na mafundi tuubomoe ukuta."

Mkwe naye alikataa kupanda. "Nimwache mama peke yake? Haiwezekani."

Nahodha akasukuma mtumbwi. Nyuma yake ardhi ilimegeka tena, safari hii karibu na jiko, na maji yakaimeza bila haraka. Kwa mbali, wingu zito lilikuwa likipanda.

"Njoo tena, mwanangu!" Bibi aliita. "Usikawie. Njoo ututazame."