Kadi ya Kupita Sabato

Dada yangu Bosibori alikuwa mpishi wa shule moja ya bweni hapa Migori, na ruhusa yake ilikuwa Jumamosi tu. Jumamosi hiyohiyo, kwake yeye Msabato, mkono haushiki pesa, hata ya nauli. Ndivyo mjukuu wake wa kwanza alivyofikisha miezi mitano huko kisiwani Takawiri bila nyanya yake kumtia machoni. Mimi, niliyeolewa kwa Wakatoliki, nilimwambia wazi kwamba hicho ni kisingizio. Bintiye Lynnet aliolewa na mvuvi bila baraka ya mama, na Sabato ni mahali pazuri pa kujifichia. Alininunia wiki nzima.

Mwaka huo, 1998, Elkanah, mtoto wa kaka yetu, alirudi likizo kutoka masomoni Hong Kong. Alitoa mfukoni kadi ya plastiki, akasema kule ukiisogeza karibu na mashine, bila hata kuigusisha, mashine inalia nawe unapita. Kadi hiyo moja inakupandisha treni, basi na feri.

"Zote ni za tajiri mmoja?" nikauliza. Sikuwa tayari kudanganywa.

"Hapana, aunti. Ni kampuni tofauti. Wewe unaweka pesa mapema, wao wanagawana wenyewe huko nyuma."

"Bila kugombana?"

Akacheka. Mimi sikucheka, maana nawajua wenye magari wa Migori. Niliigeuza ile kadi, nikainusa, nikaiinua kwenye mwanga nione pesa zimekaa wapi. Bosibori hakuigusa. Aliuliza jambo moja tu.

"Pesa inatoka kwa mkono wa mtu lini?"

"Ile siku unaiweka ndani."

"Na siku ya safari?"

"Unapita tu, aunti."



Ijumaa mchana alimwendea Maroa, mwenye matatu za Homa Bay, akamlipa nauli ya gari na ya boti pamoja. Kurudi hakukumsumbua kichwa, kwani jua likizama Sabato imekwisha. Maroa alikata kipande cha katoni, akakipiga muhuri wake, akaahidi kumpelekea Cephas mwenye boti pesa zake kwa mkono wa dereva wa jioni. Niliona ni wazimu, lakini nilitaka kujua mwisho wake, nikafunga safari naye.

Kesho yake, gatini Homa Bay, Cephas alikitazama kile kipande mbele na nyuma. Dereva wa Ijumaa jioni alikuwa amefika boti imeshaondoka, akarudi na pesa Migori.

"Maroa namjua," Cephas akasema. "Hii karatasi ndio sijui. Nani atanilipa?"

Bosibori hakujibu. Kwake, kujibu swali hilo kulikuwa biashara. Injini ilikuwa imeshawashwa. Nilifungua kibeti changu nimlipie, akanishika mkono, akaubana mpaka nikaumia.

"Bochaberi, wacha. Ukinilipia, ni mimi nimelipa."

Mtu wa visingizio angefurahi kurudi nyumbani, na huyu alikuwa karibu kulia. Nikafunga kibeti changu.

Cephas naye alikuwa akimtazama. "Mama, niambie kitu moja tu. Hii pesa ilitoka kwako?"

"Jana."

"Basi iko kwa Maroa." Akakuna kidevu, akafikiri, kisha akakitia kile kipande mfukoni. "Hiyo imebaki ya mimi na yeye, wewe haikuhusu tena. Panda, mama, na uangalie usilowe."

Takawiri tulimkuta Lynnet akianika dagaa wa omena. Alipomwona mama yake akishuka, aliangalia jua, akaniangalia mimi, kana kwamba mmoja wetu amekosea siku.

"Mama, si leo ni Sabato?"

"Ni Sabato."

"Mimi nilijua hunitaki," Lynnet akasema, machozi yakimtoka. "Nilijua hiyo Sabato ni ya kunikataa."

Bosibori alinyoosha mikono yote miwili.

"Nipe mtoto," akasema.