Mita Moja na Nusu

"Ukuta huu hausogei hata unene wa uzi," wifi yangu alisema. Alikuwa amebana pini tatu midomoni, kwa hiyo maneno yalitokea upande mmoja. "Marehemu baba alinipimia kwa mkono wake mwenyewe. Wewe siku hiyo ulikuwa wapi?"

Nilimjibu kwamba nilikuwa kwetu, nasoma shule.

Alizitoa pini, akazichomeka kifuani mwa gauni lake. "Ndiyo maana ukafungua shule. Banda la kuku limepakwa rangi, eti shule."

"Kuku wangu wanahesabu mpaka mia, wifi. Wewe hata hatua za kiwanja zimekushinda."

Tulikuwa hivyo tangu asubuhi, mimi upande wa bembea, yeye mlangoni mwa chumba chake cha cherehani, na mpimaji katikati yetu akiukunja utepe wake polepole, kama mtu asiyetaka kumaliza. Mume wangu alikuwa amekalia tairi la kuchezea watoto. Ni mtu mwema, ila ukimkuta amekaa wakati wenzake wamesimama, ujue kuna jambo analikwepa.

Jambo lenyewe halikuwa gumu. Baba mkwe alikigawa kiwanja mafungu mawili sawa, moja la wifi, moja la mume wangu, mdogo wake, na karatasi ya urithi inasema hivyo kwa mwandiko wake. Kwenye fungu letu nikaweka shule ya chekechea. Wiki ile mkaguzi alikuja, akaupima uwanja wa kuchezea, akasema umepungua mita moja na robo. Angerudi Jumatatu, na akikuta hivyo hivyo angefunga. Siku hiyo ilikuwa Jumamosi. Kabla mpimaji hajafungua mkoba wake, tulitia saini sote watatu kwamba atakachokiona kuwa haki tutakifuata. Wifi alisaini wa kwanza, kwa madaha.

Mpimaji aliona kwamba fungu la wifi limezidi. Mpaka wa haki ulipita mita moja na nusu ndani ya upande wake, katikati kabisa ya meza yake ya kukatia vitambaa.

Chumba hicho, ambacho ukuta wake ndio mpaka wetu, ndicho alichonacho. Mchana anashona humo, usiku analala humo humo nyuma ya pazia. Sehemu iliyobaki ya fungu lake ni korongo. Mvua zimeila mwaka baada ya mwaka, na huwezi kusimamisha hata banda la kuku, liwe limepakwa rangi au halijapakwa.

Wifi hakutetereka. Alisema baba alimwongezea kwa makusudi, kwa sababu aliliona korongo likija. Mpimaji akakuna shingo. Alieleza kwamba kosa la kupima angelirekebisha leo leo, lakini kama marehemu alikusudia, na ukuta umesimama miaka ishirini na miwili bila mtu kulalamika, hawezi kuusogeza. Ataandika kwamba kuna mgogoro, faili litakwenda baraza la ardhi, tusubiri huko. Niliuliza tutasubiri muda gani. Akasema mwaka, pengine miwili. Wifi akarudisha pini moja mdomoni, akatabasamu na hiyo pini yake.

Hapo ndipo mume wangu alipoinuka kwenye tairi.

"Baba hakumwongezea mtu," alisema. "Kosa ni langu mimi."

Akasimulia. Baba yao alipima kwa kamba ya katani. Jioni ya kuamkia kupima, alimtuma yeye aiingize kamba ndani, akasahau, ikanyeshewa usiku kucha. Katani ikilowa hufupika. Asubuhi mzee akapima kiwanja kizima kwa kamba iliyolowa, akapata kamba ishirini. Kesho yake jua limewaka, kamba imekauka na kurudi urefu wake...

"Nyamaza, mdogo wangu," wifi alisema, taratibu.

Mume wangu alidhani anamwonea huruma. Akaendelea. Kwa kamba hiyo kavu mzee alimpimia dada kamba kumi, akaamini zilizobaki ni kumi vilevile. Hakuna aliyezipima. Na mzee alipouliza nani aliacha kamba nje, dada alijitaja mwenyewe. Alichapwa mpaka siku mbili akawa analala kifudifudi. "Mimi nilikuwa uvunguni mwa kitanda nasikiliza," alisema. "Kwa hiyo mwacheni na ukuta wake. Deni ni langu."

Wifi alikuwa ameshafumba macho.

"Bwana mpimaji," nikasema, "andika. Lilikuwa kosa la kamba. Hakukuwa na makusudi."

Mume wangu alinitazama, kisha akamtazama dada yake, na nikamwona anaelewa alichokifanya. Akasema hakumaanisha hivyo.

"Umesema kweli au umesema uongo?"

"Kweli, lakini mama watoto..."

"Basi saini."

Akasaini. Jina lilisomeka, na mpimaji alihitaji jina tu. Akachomeka vigingi viwili, akaaga bila kunywa maji.

Wifi hakulia. Aliomba miezi miwili. Alikuwa na kazi za watu, nguo zimeshakatwa, na alihitaji kutafuta pa kulala. Aliomba kwa heshima ambayo miaka kumi na minne hakuwahi kunipa. Mimi kwake nilikuwa "huyo wa kuja", hata mbele ya wanangu. Mume wangu akadakia kwamba miezi miwili si kitu.

Nilihesabu. Jumatatu mkaguzi, watoto arobaini na mmoja, walimu wawili. Na sitasema uongo kwamba nilihesabu hayo tu.

"Leo," nikasema. "Wifi, toa vitu vyako. Baba watoto, lete nyundo kubwa."

"Tutafute fundi," alisema.

"Fundi wa Jumamosi jioni yuko wapi? Mikono unayo. Na ukuta uliosimama kwa kosa lako, uubomoe wewe."

Wifi aliingia ndani. Alitoa cherehani kwanza, kisha marobota ya vitambaa, kisha godoro, akaviweka juu ya mchanga wa kuchezea watoto. Mume wangu alisimama mbele ya ukuta na nyundo imeegemea mguuni, kama mtu aliyeshikishwa kitu cha mwenzake. Nikamwambia jua linazama. Akainyanyua, akalenga matofali ya chini, usawa wa goti.

"Usianzie chini," dada yake alimwambia kutoka mlangoni, mikono imejaa nguo za watu. "Utakuangukia. Anzia juu."

Akaanzia juu. Tofali la kwanza lilipodondoka, mimi niliingia ndani, nikashika upande mmoja wa meza ya kukatia, wifi akashika wa pili, tukaitoa.