Upatu Uliofunika Sufuria

Tone la mvua lilipenya kwenye bati, likaanguka gizani, likalia: tak.

Layyug alifumbua macho. Jogoo walikuwa bado hawajawika, na patu za shaba za kuazima zilikuwa zimepangwa karibu na meko, moja juu ya nyingine, zikingoja kurudishwa kwa mwenyewe. Upatu mzima ukiguswa na tone la maji huimba. Huimba kidogo tu, kama mtu anayeitika jina lake usingizini. Huu wa juu, lilipoangukia tone, haukuimba.

Akakaa kitako, akasubiri tone jingine. Tak.

Aliwasha kibatari, akaunyanyua ule wa juu, akaugonga kwa kifundo cha kidole. Ulikoroma. Aliusogeza kwenye mwanga, akauona ufa ulioanzia ukingoni na kuingia ndani, mwembamba kama unywele. Hakuhitaji kuuliza umetoka wapi.

Siku ya harusi ya binti yake Inyaw, mvua iliwakuta wapishi uani. Kifuniko cha sufuria kubwa ya nyama ya nguruwe kilikuwa kimechukuliwa kupakulia wali, na maji yalikuwa yanaingia kwenye mchuzi. Layyug aliangaza huku na huku. Upatu ulikuwa umeegemezwa ukutani, wachezaji wamekwenda kunywa. Akauchukua, akafunika sufuria. Ulienea sawasawa hata akacheka peke yake. Chini mvuke ulichemka, juu mvua baridi ikapiga, na yeye akaenda kuhudumia wakwe. Baadaye aliufuta kwa upindo wa nguo yake, akaurudisha ukutani. Hakuna aliyemwona.

Na upatu wenyewe ulikuwa balbal, ule wa kwanza, unaoanzisha ngoma na kufuatwa na nyingine tano. Ulikuwa wa marehemu mume wa Uyammi, mjane wa ng'ambo ya mto aliyewaazima, na kabla yake wa baba yake na babu yake. Ulipigwa watu walipopatana baada ya kuuana. Yeye alikuwa ameufanya kifuniko.

Wasigan, mkwe wake mpya, aliamka kwa ule mkoromo. Akaja akipepesuka kwa usingizi, akachuchumaa, akauchukua mikononi mwa Layyug. Alipouona ufa, uso wake ulibadilika. Yeye ndiye aliyecheza na balbal akiwaongoza wanaume kuzunguka uwanja, na rafiki zake walikuwa wakimtania kwamba anapiga kama mgonjwa, je, ndoa imeshamchosha kabla hata ya usiku? Ndipo alipoupiga kwa nguvu zake zote.

"Ni mimi, mama," alisema. "Nilipiga kama mtu anayepasua kuni."

Akasema atampelekea Bibi Uyammi yule nyati wa kulimia aliyepewa na baba yake. Hakuwa na kitu kingine cha kulingana na upatu ule.

Layyug alifungua kinywa kumwambia. Kilichotoka ni, "Kunywa kahawa kwanza."

Walitoka kulipopambazuka. Wasigan alibeba patu mgongoni ndani ya kikapu na kumvuta nyati kwa kamba, akizungumza naye njia nzima, akimwonya kwamba Bibi Uyammi hapendi uvivu na asije akamtia aibu. Mzaha wake ulikuwa wa mtu anayejikaza. Kwa kuwa nyati hawezi kupita daraja la kamba, walipitia kivukoni, na pale kwenye mawe yenye utelezi kijana alirudi nyuma kumshika mama mkwe wake kiwiko.

"Usisononeke, mama. Sitaacha waseme ni nyumba yako iliyoupasua. Nitasema ni mimi."

Maji yalikuwa baridi, lakini Layyug alihisi uso wake unaungua. Alijiambia atasema wakifika ng'ambo. Wakafika ng'ambo. Akajiambia atasema penye kona. Penye kona wakakutana na watu wanaokwenda shambani, salamu zikawa ndefu, na wote wakamsifu kwa kupata mkwe mwenye heshima.

Uyammi alikuwa kwenye kibaraza akichambua kahawa. Aliwakaribisha, akasogeza ungo, akawatandikia mkeka. Desturi ni kwamba anayepokea patu hupiga kila mmoja kabla ya kuutundika, naye akapiga. Tano ziliimba. Alipofikia balbal, Wasigan aliinamisha kichwa, akasema yote, na nyati akamtaja.

Uyammi aliuweka upatu mapajani. Hakuupiga. Aliugeuza, akapitisha kidole ndani ya ukingo wake polepole, mahali ambapo upindo wa nguo haukufika, akakileta kidole puani. Kisha akamtazama Layyug, kidogo tu, kama mtu anayechungulia chumba bila kutaka kumwamsha aliyelala ndani.

"Mwanangu," alimwambia Wasigan, "kule nyuma kuna magogo na mgongo wangu umegoma. Nipasulie machache. Ila usilipige shoka langu kama ulivyoupiga upatu, shoka ninalo moja."

Kijana akaenda. Uyammi akammiminia mgeni kahawa, akatia sukari nyingi, maana alikumbuka anavyopenda. Hakuuliza lolote. Layyug angependa zaidi kutukanwa. Akakiweka kikombe chini.

"Nilifunikia sufuria ya nyama, dada. Mvua ilikuwa inanyesha."

"Nimesikia harufu."

"Sikufikiri."

"Mume wangu alikuwa haniruhusu hata kuupangusa kwa kitambaa cha jikoni," Uyammi alisema bila ukali, na hapo ndipo Layyug alipojifunika uso. Mwenzake alimwacha alie. Baadaye akamgusa goti. "Umeniambia mimi, nami nilishajua. Asiyejua yuko kule nyuma anapasua kuni."

Kutoka kibarazani hadi nyuma ya nyumba si mbali, lakini Layyug aliona amekwenda safari. Alimwambia akiwa amesimama, macho kwenye vidole vyake vya miguu. Shoka lilinyamaza. Alipothubutu kuinua uso, Wasigan alikuwa anamtazama nyati aliyefungwa kwenye mti akitafuna majani bila habari.

"Tangu alfajiri namuaga," alisema.

"Nilitaka kukuambia. Niliogopa utakavyoniangalia."

"Ungeniambia pale mtoni, mama. Nilikushika mkono pale."

Alisimamisha gogo jingine, akalipasua, kisha jingine, na Layyug akaokota vipande na kuvipanga.

Waliporudi kibarazani Layyug alivua shingoni shanga za mama yake, zile nyekundu za mawe ambazo wanawake wa bonde zima walizijua, akaziweka kwenye mkeka. Alikuwa amemwahidi Inyaw shanga hizo. Uyammi hakukataa, wala hakusema ni nyingi. Aliinama ili Layyug amfungie yeye mwenyewe, na Layyug akamshukuru kwa hilo moyoni, maana kusamehewa bure asingekuweza. Kisha Uyammi akatundika patu ukutani, zote, na ule wenye ufa akauweka mahali pake pa kwanza kama siku zote.

Wasigan alishuka ngazi kwanza, akamfungua nyati warudi naye. Pale chini palikuwa na tope, naye akasimama, akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka. Layyug aliutazama kwanza. Halafu akaushika.

"Layyug," Uyammi aliita kutoka juu, kiganja chake kikiwa kwenye shanga, "kahawa hii ikikauka uje tena. Usilete kitu. Njoo tu tukae."