Msumari Ndani ya Mtutu

Kama kulikuwa na mtu mwenye haki ya kukataa kutengeneza bastola ya kuigiza, ni Bhoke. Alikuwa fundi wa mabomba mjini Migori, mzaliwa wa Ntimaru kwa Wakuria, na kaka yake Marwa aliwahi kulala seli siku kumi na tisa kwa sababu ya bomba lililopatikana chini ya kitanda chake. Polisi walisema ni mtutu wa bunduki, kumbe lilikuwa bomba la pampu ya baiskeli. Lakini Mkuria akikutwa na bomba lisilotoa maji, watu hawaulizi mara mbili. Tayari ni mwizi wa ng'ombe, na kujieleza ni kumaliza mate bure.

Javan, rafiki yake aliyeongoza kikundi cha maigizo, aliyajua hayo yote. Ndiye aliyempelekea Marwa chakula kila siku Bhoke alipokuwa kazini, na juu ya kila kikopo alibandika kijikaratasi: "Marwa, kula yote." Bhoke hakuusahau wema ule. Kwa hiyo Javan alipokuja kumwomba mtutu wa bastola ya kuigiza, ulimi wa kukataa hakuwa nao.

"Nyar Kuria," akamwita, yaani binti wa Wakuria kwa Kijaluo, jina alilompa tangu wakiwa chuo cha ufundi pamoja. "Mchezo wetu ni wa wizi wa mifugo. Sasa mwizi ataingia stage na kijiti? Homa Bay nzima itatucheka."

"Na polisi wakiiona?"

"Waandaaji wa tamasha wako na fomu ya vitu kama hivyo. Hiyo wachia mimi."

"Sawa. Lakini jina langu liwe kwa programu. Fundi wa vifaa. Sijawahi ona jina langu limechapishwa mahali."

"Hilo ndilo la kwanza kuandikwa, dada yangu. Hata kabla ya langu."

Siku ya Jumanne Bhoke akaingia duka la vifaa vya ujenzi karibu na stendi. Alichagua kipande cha bomba la nusu inchi kisichozidi kiganja, soketi moja ya kukiunganisha na mpini, washa mbili za kubana na mkebe wa rangi nyeusi ya kupuliza. Muuzaji alidhani ni kazi ya sinki, naye hakumsahihisha. Alikaza bomba kwenye jiriwa, akalipiga tupa mpaka mdomo ukalainika, akapuliza rangi mara tatu. Mpini alikuwa ameuchonga Javan mwenyewe kwa mti wa mkaratusi, na kusema kweli aliuchonga vizuri. Vipande hivyo viwili vilipoungana, Bhoke alishtuka. Kitu kilifanana na bastola kuliko alivyotaka.

Basi akakiziba. Alipigilia kizibo cha mbao mdomoni, mtu yeyote aone kwamba humo hakutoki kitu. Kisha, kwa sababu moyo bado haukutulia, akatoboa tundu dogo upande wa nyuma, akapitisha msumari mnene kutoka ubavu hadi ubavu, akaukata pande zote na kuufunika kwa rangi. Kizibo kila mtu angekiona. La msumari hakumwambia mtu. Aliuweka kwa ajili ya Marwa.

Javan alipoipokea bastola hakupenda kizibo. "Hii mbao inatuharibia. Watu wa mbele wataona imezibwa. Toa."

"Sitoi. Hiyo ndiyo inanipa usingizi."

Javan akacheka, akamgusa bega, na maneno yakaishia hapo.

Siku ya tamasha Bhoke alikwenda Homa Bay peke yake, amevaa gauni la kanisani. Mlangoni alipewa programu, akatafuta pembe ya kuisomea. Mtunzi: Javan. Mwelekezi: Javan. Waimbaji walikuwamo, washonaji walikuwamo, hata dereva wa pikapu iliyobeba mapazia alikuwamo. Akaisoma tena kutoka mwisho. Labda nafasi ilikuwa ndogo, alijiambia, na aibu ikampata kwa kuwa alikuwa amepanga kumpelekea Marwa nakala.

Hapo akasikia zogo nyuma ya jukwaa. Sajini Nyanchoka, askari wa kike aliyekuwa akikagua mizigo, alikuwa ameshika ile bastola. Kizibo hakikuwapo. Mdomo wa mtutu ulikuwa wazi.

"Hii ni ya nani?"

Waigizaji wakaangalia viatu vyao. Javan akainua macho, akamwona Bhoke amesimama mlangoni, na mtu angedhani amemwona mkombozi wake.

"Si yetu, afande. Imekuja na huyo Mkuria."

Huyo Mkuria. Bhoke alilisikia neno lile likimpiga kifuani. Miaka minane ya Nyar Kuria, na sasa huyo Mkuria.

"Javan," akasema polepole. "Mwambie nani aliniagiza."

"Mimi niliomba kitu ya mbao. Bomba sijui alitoa wapi. Hata kwa fomu ni jina lake, afande, angalia."

Sajini akaifungua fomu, akampa Bhoke aisome. Kifaa: bastola bandia. Mmiliki na mwenye dhamana: Bhoke, wa Ntimaru. Chini palikuwa na sahihi yake, ambayo hakuitia yeye. Mwandiko aliujua, ndio ule uliomwambia Marwa ale yote. Tarehe ilikuwa ya wiki moja kabla hajanunua bomba. Kumbe mambo yalipangwa mapema. Yeye akipiga tupa, mwenzake alikuwa ameshaandika nani atalala seli.

Aliumia hata machozi yakakataa kutoka.

"Afande," akasema, "tafuta kijiti cha fagio uingize hapo."

Sajini akaingiza. Kijiti kikagonga kitu na kusimama. Akamulika kwa tochi ya simu, akauona msumari umekatiza shimo.

"Hapa hata mtama haupiti," akasema. "Na nani ametoa mbao ya mbele?"

Irine, aliyeigiza mke wa mwizi, akajibu bila kumtazama kiongozi wake. "Ni Javan. Ameipiga nyundo asubuhi."

Sajini akazima tochi. "Haya, ni kichezeo. Endeni mkaigize."

Javan akanyoosha mkono, tabasamu limesharudi. "Nyar Kuria, usiniwekee kinyongo. Ilikuwa presha tu. Tunaitwa sasa hivi."

Bhoke akamgeukia Sajini. "Afande, hapo kwa fomu mwenye mali ni nani?"

"Ni wewe."

"Basi nipe mimi."

Akaipokea, akaufungua mtutu kwa mizunguko minne kama anayefungua bomba la jikoni, akampa Javan mpini wake wa mkaratusi. "Hii ulichonga wewe."

Akaketi safu ya mwisho. Mwizi alipoingia jukwaani ameshika mpini mtupu wa mti, ukumbi mzima ukaangua kicheko. Bhoke hakucheka. Programu aliiacha kitini, lakini nakala ya fomu alikuwa ameiomba kwa Sajini, akaikunja na kuizungushia mtutu ndani ya mkoba. Ndiyo karatasi pekee ambayo Javan aliandika jina la Bhoke.