Pétronille na Hewa Iliyopotea

Mimi Floribert niko na hasira ya karibu, na kinywa yangu inatanguliaka akili. Njo maana ile siku ya Mungu, Jumapili, wakati gari yangu ilikufa katikati ya njia kule Mubambiro, mbele ya watu wote wa mbio, nilishuka na kutangaza kwa sauti: Pétronille ameniharibia moteri.

Pétronille iko mekanisie, fundi wa gari, kule Sake. Mwanamuke peke yake katika ile kazi, miaka kumi na moja sasa. Njo yeye alinitengenezea gari kwa mbio zetu za mita mia ine, gari mbili mbili, barabara imenyooka, tuone nani anafika wa kwanza. Mwezi mumoja kabla ya ile siku aliitia turbo, ikaruka vizuri sana. Sasa ilikuwa inakohoa tu. Na juu ya maneno yangu, kesho yake shofere watatu waliondoa gari zao kwa garaji yake. Wa kwanza alikuwa Sebarenzi, yule aliyenishinda kwa ile mbio.

“Mwanamuke na turbo, wapi na wapi,” alisema.

Siku ya tatu Pétronille akanipigia simu. Nilingoja matusi. Akasema tu: “Kaka Floribert, leta gari. Kama ni mimi niliharibu, nitafunga garaji, na wewe utakuwa hapo unaona. Lakini kwanza nipime.”

Nikaenda, uso nimeukunja. Akaunganisha ordinateri yake, ile kompyuta ndogo, na gari, tukatoka kwa lami, yeye ameiweka juu ya magoti, mimi nakanyaga mpaka mwisho. Gari ikakohoa, ikapiga mashuti kwa bomba ya moshi. Yeye alikuwa anaangalia namba tu.

“Ona hapa,” akasema. “Hii ni kapteri ya hewa. Inapima hewa inayoingia kwa moteri, kisha gari inatia esanse, ile petroli, ya kulingana na ile hewa. Inasema gramu mia na kumi kwa segonde.”

“Bon, ni mulima,” nikamukatiza. “Hewa ya huku Masisi iko nyepesi. Kila muntu anajua.”

Alifungua kaye yake ya shule, ile ya jalada ya kijani, akafuata mustari kwa kidole. “Mwezi uliopita, barabara hii hii, ilisema mia na hamsini. Mulima umeota katika mwezi mumoja?”

Nilitaka kukasirika, lakini nikasimamisha gari, nikasoma ule mustari mwenyewe.

“Na kingine,” akaendelea. “Kuko kapteri ya pili, kwa bomba ya moshi. Ile inalalamika kila mara: esanse ni kidogo, ongeza. Kama kweli hewa ilikuwa kidogo, esanse ingeitosha, na ile ya pili ingenyamaza. Kwa hiyo hewa inaingia yote, kaka. Ile ya kwanza njo haiioni.”

Niko na miaka makumi mbili kwa usukani, na sijawahi kuona muntu anauliza moteri maswali vile, kwa upole, mpaka inajisema yenyewe. Nilimuangalia yule mwanamuke, nikasikia haya.

Tuliporudi akafungua ile kapteri, akaimulika na simu. Ndani muko waya nyembamba kuliko unywele. Gari inaipasha moto, hewa ikipita inaipoza, na kwa vile inavyopoa njo hewa inahesabiwa. Waya ilikuwa imefunikwa na kitu chekundu.

“Imevaa koti,” akasema Pétronille. “Muntu wa koti hasikii baridi yote.”

Akanusa. Kisha akatoa filtri ya hewa, akaipindua. Ilikuwa nyekundu, inateleza. Akaniangalia, na mimi nikaangalia viatu vyangu.

Kwetu Kashebere, wakati wa kiangazi, shofere anapakaa filtri mafuta ya mawese ili vumbi inase pale. Papa yangu alifanya vile kwa kamyo yake ya mizigo, na ile kamyo ya zamani haikuwa na kapteri hata moja. Baada ya kutiwa turbo, mimi nilikuwa nimepeleka gari nyumbani jamaa waione, na kabla ya kurudi nikapakaa mawese kwa mikono yote miwili, bila kubania; hewa ikaivuta mpaka kwa waya.

Pétronille alipuliza ile waya dawa ya kusafisha ya kopo bila kuigusa, akangoja ikauke, akatia filtri mupya. Tukarudi kwa lami. Mia na hamsini na mbili. Kapteri ya pili ikanyamaza. Kiti ikanisukuma mugongo, nikacheka peke yangu.

Siku ya Mungu, baada ya ibada, nilimuacha Sebarenzi nyuma kwa urefu wa gari muzima. Watu wakatuzunguka. Sebarenzi akamuuliza Pétronille gari ilikuwa na nini.

“Ilikuwa vumbi,” akajibu, anajipangusa mikono. “Barabara ni mbaya.”

Alinifunika kosa langu, mimi niliyemuvua jina pale pale Mubambiro.

“Kumbe ulifunga filtri vibaya, vumbi ikapita,” Sebarenzi akasema, na watu wakacheka. Pétronille akaendelea kujipangusa mikono. Hapo hasira yangu, kwa mara ya kwanza, ikaenda pa haki. Nikapanda juu ya gari yangu, nikatangaza kwa sauti ile ile ya juma lililopita: “Ni mimi. Nilipakaa filtri mawese. Huyu mama hakuharibu kitu, njo yeye aliona, na katika ninyi wote hakuna angeona.”

Walicheka mpaka kushika mbavu, Sebarenzi kuliko wote. Tangu ile siku, toka Sake mpaka Kashebere, wananiita Papa Mawese, na ninaitika.

Kesho yake asubuhi nilienda kumuomba Pétronille musamaha vizuri, na kuku mukononi. Nikakuta shofere wane wamenitangulia kwa mulango, kila muntu na kitu ndani ya sashe ya plastiki, hakuna anayeangalia mwenzake. Wa mwisho kwa mustari alikuwa Sebarenzi. Sashe yake ilikuwa imetoboka, na kutoka kwa filtri yake mawese ilikuwa inamudondokea kwa kiatu.